Posa ya Mtu Ambaye Hajazaliwa

Kuanzia Mlango wa Papa mpaka Kibokoni hapakuwa na mtu aliyejua ushairi kumshinda Gharib bin Jaffar, na ukitaka ushahidi ungemuuliza Gharib mwenyewe. Hakufundishwa na mtu. Vina alivijua kwa kusikiliza, na mizani aliihesabu kwa vidole huku sindano ameibana kwa meno, kwani kazi yake ilikuwa kushona kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono. Kofia ya vito humwinamisha mtu siku nyingi, na mtu aliyeinama siku nyingi lazima kichwa kimzalie kitu. Wengine kichwa huwazalia wasiwasi. Gharib kilimzalia beti.

Alikuwa na sheria zake. Iliyo kubwa kuliko zote ilihusu kina cha ni. "Neno lolote la Kiswahili," alikuwa akisema, "ulitie ni mwishoni, lishakuwa kina. Mjini, nyumbani, shimoni, chooni. Hiyo si kazi ya mshairi, hiyo ni kazi ya mtu anayeanika nguo." Mwaka uliopita, kwenye harusi moja ya Mkanyageni, kijana aitwaye Aidarus, mwanafunzi wa elimu ya mirathi, alisimama kumsifu bwana harusi kwa beti tano, zote za kina cha ni. Gharib alimwacha amalize. Kisha akainuka, akasema mbele ya watu wote, "Ndugu zangu, msimlaumu. Ametunga akiwa usingizini." Watu walicheka mpaka sinia za pilau zikapoa. Aidarus aliketi, akacheka na yeye, na hakusahau.

Sasa, mtu mwenye kiburi kama hicho huwa kuna mahali pake pa kulainika, na pa Gharib palikuwa mlango wa Yeslam muuza kahawa, Ndia Kuu. Miaka mitatu nyuma alipeleka kofia pale. Akisubiri mlangoni alijighania ubeti wake mpya, taratibu, kwa sauti ambayo alijua inasikika orofani. Alipomaliza, sauti ya msichana ikatoka nyuma ya dirisha la mbao: "Mstari wa tatu una mizani tisa." Dirisha likafungwa.

Gharib alikasirika siku tatu. Alihesabu mstari ule kwa vidole vya mikono na vya miguu. Ulikuwa tisa, na haki yake ni nane. Siku ya nne akatambua kwamba hawezi kumwoa mtu mwengine duniani. Msichana huyo aliitwa Nabiha, bintiye Yeslam na mwandishi wa vitambulisho vya magunia ya baba yake, na tangu siku hiyo hakuna mwanamume wa Mombasa aliyemshonea mtu kofia nyingi kama Gharib alivyomshonea Yeslam.

Mwaka huo ambao nausimulia, reli ilikuwa imeshafika Ziwani kitambo, na Gharib alikuwa na miaka ishirini na minne. Alipeleka posa. Yeslam, mzee wa asili ya Hadhramaut, mnyoofu kama mizani ya dukani kwake, hakuikataa. Alikuwa na sharti moja tu: mume awe amemzidi mke umri. Nabiha alikuwa na miaka ishirini. Na Gharib, maskini, alikuwa na kidevu kilichokataa ndevu, kiuno cha nyigu na mashavu ya mtoto wa chuo cha Kurani. Aidarus, ambaye naye alikuwa na posa yake tayari, alikuwa ameshapita barazani kwa Yeslam na kunong'ona kwamba kijana huyu ni mdogo kuliko binti.

Mamake Gharib, Mwanaesha, alipeleka habari kwamba mwanawe alizaliwa mwaka wa njaa.

"Njaa ipi?" Aidarus akauliza kwa upole. "Njaa zimekuja nyingi. Ikiwa ni ile kuu ya zamani, ana ishirini na minne. Ikiwa ni hii ya juzi reli ikijengwa, ana tisa."

Yeslam akatuma neno: kijana aandike umri wake kwa mkono wake mwenyewe, barua isomwe barazani siku ya Jumatatu, mbele ya watu. Maneno matatu yangetosha. Ishirini na minne. Lakini kumwambia Gharib aandike maneno matatu ni kama kumwambia jogoo anong'one.

"Nitampa umri wangu ndani ya ubeti mmoja," alimwambia mamake, "hesabu iliyofumbwa. Kila kipande cha maisha yangu na fungu lake. Atakayeufumbua atajua umri wangu, na asiyeweza atajua nani ni mshairi."

"Mwanangu, mtu amekuuliza umri, hakukuuliza nani ni mshairi."

"Mama, hayo hayatengani."

Hesabu yenyewe ilikuwa safi. Nusu ya umri wake, yaani miaka kumi na miwili, ilikwisha utotoni na chuoni. Robo, miaka sita, ilikwisha akijifunza kushona kofia. Thumni, yaani sehemu ya nane, miaka mitatu, aliishi Lamu akizikimbilia tungo za watu. Na mitatu iliyobaki alisimama mlangoni kwa Yeslam. Kumi na miwili, sita, mitatu na mitatu: ishirini na minne. Aliandika mafungu hayo pembeni ya karatasi, kisha akatafuta kina. Kilichomjia kwanza, chenyewe, bila kuitwa, kilikuwa ni. Chuoni, mlangoni. Alikifukuza kama mbuzi aliyeingia jikoni. Akachagua kina cha thi, kwa sababu ni kigumu na kwa sababu Aidarus asingekiweza. Ubeti ukatoka hivi:

*Nawapa hii hadithi, umri wangu mzima,*
*Nusu chuo nikarithi, na robo kofia njema,*
*Na tungo zangu theluthi, Lamu nilikojituma,*
*Na mitatu ya urithi, mlangoni nasimama.*

Alipousoma, machozi yalimlengalenga. Mamake aliusikiliza huku akichambua mchele.

"Mzuri," alisema. "Lakini mitatu ya urithi ni urithi wa nani? Babako hakutuachia hata mkeka."

"Mama, hilo ni pambo."

"Na Lamu ulikaa theluthi?"

"Thumni. Lakini thumni haina thi."

Mwanaesha akatoa chembe moja ya mchanga katika mchele, akaiweka kando. Barua ikabebwa na Faraj, mjomba wa Gharib, ambaye hakujua kilichomo na aliomba asielezwe.

Si desturi ya mposaji kuwapo barua yake ikisomwa. Kwa hiyo Jumatatu, baada ya sala ya alasiri, Gharib hakuwapo. Alikuwa kwenye kichochoro cha ubavuni, mgongo ameuegemeza ukutani, akisubiri kusikia watu wakisema mashaallah.

Yeslam aliusoma ubeti mara mbili. Barazani palikuwa na watu saba, nao walisema mashaallah kweli. Gharib akafumba macho kwa raha.

"Haya," akasema Yeslam. "Sasa ana miaka mingapi?"

Aliyekuwa akinywa kahawa alikishusha kikombe.

"Ubeti umekamilika," mmoja akasema.

"Sikuuliza ubeti. Nimeuliza miaka."

Hapo ndipo alipozungumza Mutunga. Huyu alikuwa karani wa stesheni, Mkamba aliyesomea misheni ng'ambo ya pili ya maji, na alifika kila Jumatatu kumweleza Yeslam ni magunia gani ya kahawa yameshuka na gari la moshi. Alikuwa mtu wa maneno machache na suruali iliyopigwa pasi.

"Mzee, hiyo ni hesabu ya kawaida. Tulifundishwa shuleni. Unachukua sentensi ya maneno, unaifanya mlinganyo. Nipe chaki."

Wakampa ile ya kuandikia magunia. Mutunga akageukia ubao wa dirisha la duka, akachora mistari miwili iliyokatana.

"Ngoja!" akasema Yeslam. "Huo msalaba wa nini dukani kwangu?"

"Si msalaba, mzee. Ni herufi. Ni umri wake, ambao hatuujui."

"Kama hatuujui, tunauandika vipi?"

"Ndiyo maana tunauandika. Ili tuujue."

Watu wakatazamana. Aidarus, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye vitabu nyumbani. "Jambo hili si geni. Ni elimu ya jabri, na ni yetu. Hao wamisheni wameiazima wakasahau kuirudisha. Sisi kile kisichojulikana twakiita kitu."

"Basi kiitwe kitu," Yeslam akaamua. "Futa msalaba."

Mutunga akafuta, akaandika *kitu*. Kwake ilikuwa sawasawa. Akaanza kuusoma ubeti upya, sasa si kama mtu anayeghani bali kama mtu anayekagua mizigo. "Nusu ya kitu, chuo. Robo ya kitu, kofia. Theluthi ya kitu, tungo. Na miaka mitatu, mlangoni. Vikijumlishwa vyote, ni sawa na kitu kizima. Ni hivyo?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Tukikate kitu vipande kumi na viwili, ili vigawike. Nusu yake ni vipande sita. Robo, vitatu. Theluthi, vinne." Chaki ilikuwa ikigonga ubao. Mara ikasimama. "Sita na tatu na nne ni kumi na tatu."

"Vipande si vilikuwa kumi na viwili?" akauliza Yeslam.

"Vilikuwa."

"Na bado kuna ile miaka mitatu juu yake."

"Bado ipo."

Kule kichochoroni Gharib alifumbua macho.

Aidarus akasimama. Furaha yake aliikunja vizuri ndani ya sauti ya huzuni. "Hapa hesabu ya shule haitafika. Hii ni mirathi, mwenyewe ameandika urithi. Katika mirathi mafungu yakizidi mali, kila mrithi hupunguziwa kidogo. Badala ya kumi na mbili twagawa kwa kumi na tatu. Chuo kitapata sita, kofia tatu, tungo nne. Ile mitatu ya mlangoni tunaiweka kando kama deni la marehemu."

"Marehemu gani?"

"Ami Yeslam, mirathi haigawanywi mtu akiwa hai. Kabla ya kujua umri wake, itabidi ithibitike kwamba Gharib amefariki, na warithi wake wajulikane."

Wawili watatu wakasema inna lillahi, kwa mazoea tu.

"Kwa hesabu yangu ni tofauti," akasema Mutunga, ambaye hakuwa amegeuka. "Toa vipande kumi na viwili kila upande. Huku hakibaki kitu. Huku kinabaki kipande kimoja na miaka mitatu. Kwa hiyo kipande kimoja na miaka mitatu ni sawa na sufuri. Maana yake kipande kimoja ni miaka mitatu chini ya sufuri. Na vipande kumi na viwili ni miaka thelathini na sita chini ya sufuri."

"Chini ya sufuri ni wapi?"

Mutunga alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu, na swali hilo hata shuleni hawakumweleza vizuri. "Mzee, naona maana yake ni kwamba Bwana Gharib bado hajazaliwa. Amebakiza miaka thelathini na sita."

Yeslam aliitazama barua, akautazama ubao. Wengi pale barazani walimjua Gharib tangu akitambaa. Mmoja wao alikuwa amevaa kofia aliyoshonewa naye. Lakini palikuwa na maandishi, na palikuwa na chaki, na hakuna aliyesema neno.

"Mmoja amemfanya maiti," Yeslam akasema hatimaye, "mwengine amemfanya hajazaliwa. Mimi sharti langu lilikuwa awe mkubwa kuliko binti yangu. Nabiha ana ishirini. Huyu, kwa mkono wake mwenyewe, Nabiha amemzidi kwa miaka hamsini na sita."

"Labda amekosea," mmoja akasema.

"Kama amekosea aseme. Nilimuuliza kwa maneno mawili, akanijibu kwa fumbo. Fumbo ndilo litakalomhukumu. Nampa mpaka Ijumaa baada ya alasiri. Aje mwenyewe, mbele ya watu hawa hawa, na ubeti ambao hesabu yake ni ya mtu aliye hai. La sivyo, Jumamosi nitawapokea wazee wa Aidarus."

Gharib alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Kufika Kibokoni habari ilikuwa imemtangulia. Muuza mkate wa mofa alimtazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Karibu duniani."

Siku ya pili alimfuata Mutunga stesheni, akamkuta anahesabu magunia.

"Umenivunjia heshima, bwana karani."

"Mimi? Nimeandika uliyoandika. Bwana Gharib, una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Nusu yake?"

"Kumi na miwili."

"Robo?"

"Sita."

"Theluthi?"

Gharib alianza kuhesabu kwa vidole.

"Minane," akasema Mutunga. "Ushafika ishirini na sita, na mlangoni hujasimama bado. Ukisimama, ni ishirini na tisa. Una miaka ishirini na minne, na umeishi ishirini na tisa. Hiyo mitano umeitoa wapi?"

"Ilikuwa thumni," Gharib akasema kwa shida. "Lakini kina kilikuwa thi. Sisi washairi tunayo ruhusa. Neno likigoma, twaruhusiwa kulipinda. Inaitwa dharura ya ushairi."

"Haya."

"Na hesabu je? Haina dharura? Huwezi kuilegeza kidogo, mahali fulani, pasipoonekana?"

Mutunga aliweka kalamu sikioni. "Gari la moshi linatoka hapa saa tano. Nikiandika saa mbili kwa sababu imependeza, abiria watanipiga."

"Basi nifundishe."

Hilo neno lilimtoka Gharib kabla hajalizuia, na huenda lilikuwa la kwanza la aina yake maishani mwake. Wakaketi juu ya magunia. Kwa muda wa alasiri nzima Mutunga alimpa sentensi, naye akazigeuza. Mama amemzidi mwanawe miaka kumi na minane, na wote pamoja wana sitini na sita. Nusu ya mikungu ya ndizi imeuzwa, robo imeoza, mitano imebaki. Gharib aligundua, na aliudhika kugundua, kwamba kazi yenyewe haikuwa mbali na yake. Sentensi ina mwili mzito. Unautafuta uti wa mgongo, unatupa nyama. Tofauti ni kwamba huku pambo halikuruhusiwa hata moja. Mara tatu alitia pambo, na mara tatu Mutunga aliuliza, "Hili ni kiasi gani?"

Jumatano na Alkhamisi hakushona. Alikaa na neno thumni kama mtu aliyekaa na mgeni asiyeaga. Thumni haikukubali kina cha thi. Alijaribu kuisukuma katikati ya mstari, mizani ikafika kumi. Alijaribu kuigeuza iwe nusu ya robo, ubeti ukawa mrefu kama kamba ya kisima. Mahali pamoja tu neno hilo liliingia kwa urahisi, kama mguu kwenye kiatu chake: mwishoni mwa kipande, penye kina cha ni. Na kila alipofika hapo aliiona harusi ya Mkanyageni, na Aidarus akiketi, na watu wakicheka. Ijumaa Aidarus angekuwa pale pale barazani.

"Nitasema umri wangu kwa maneno matupu," alimwambia mamake.

"Yeslam amesema ubeti."

"Basi nitaacha. Heshima ya mtu ni kubwa kuliko harusi."

"Heshima ipi?" Mwanaesha akauliza. "Mji mzima unasema nina mimba yako ya miaka thelathini na sita. Nenda sokoni uone ninavyoulizwa hali."

Ijumaa asubuhi akaja Mwanabaraka, shangazi yake Nabiha, mwanamke mnene mwenye haraka. Alimtupia Gharib kofia mapajani. "Ya kaka yangu. Imefumuka kwa ndani. Ishone leo leo." Akaondoka bila kunywa maji.

Kofia haikuwa imefumuka. Ilikuwa imefumuliwa, kwa kisu, na kati ya vitambaa viwili palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa wino mweusi. Gharib alisoma:

*Umri wangu someni, hesabu yake nasema,*
*Nusu yake ni chuoni, na robo kofia njema,*
*Na tungo zangu thumni, Lamu nilikojituma,*
*Na mitatu mlangoni, kwa adabu nasimama.*

Chini yake: *Kina hiki hakina kosa ila wewe hukipendi. Baba amesema Jumamosi. Mimi sitatuma kofia ya pili.*

Alihesabu mizani, nane kwa nane, mistari yote minne. Alihesabu mafungu, ishirini na minne. Alitafuta pambo, hakuliona. Hata urithi ulikuwa umeondolewa. Nafasi yake palikuwa na adabu, na Gharib alijua vizuri sana ile adabu ilitiwa pale kwa ajili ya nani.

Ijumaa baada ya alasiri baraza la Yeslam lilikuwa halipitiki. Watu walikuja kumwona asiyezaliwa. Mutunga aliomba ruhusa stesheni. Aidarus alivaa joho. Juu, dirisha la mbao lilikuwa wazi kwa upana wa kidole.

Gharib alisimama. Kikaratasi alikishika mkononi. Akaghani mstari wa kwanza, na neno la *someni* lilipotoka, aliona uso wa Aidarus ukifunguka kama dirisha la asubuhi. Akaendelea. *Chuoni.* Mtu wa nyuma akacheka. *Thumni.* Wakacheka wengi. *Mlangoni.* Akamaliza, akabaki amesimama.

"Ni!" Aidarus akapaza sauti. "Ndugu zangu, nimesikia vizuri? Ni? Kina cha waanika nguo?"

Gharib alimtazama. Hasira ilimpanda mpaka ncha za masikio, na palepale, bila kutafuta, akilini mwake yalimjia maneno manne ya kumjibu, makali, yenye kina, ambayo yangemkalisha Aidarus kwa mwaka mwengine. Akatazama juu, penye upana wa kidole. Akayameza yote manne, moja baada ya jengine.

"Ndicho," akasema. "Kina cha ni. Mwaka jana nilikutukana kwacho. Nilikosea, na leo nimekihitaji."

Aidarus alikuwa amejiandaa kwa kila jibu ila hilo. Akaketi.

"Hesabu," Yeslam akamwambia Mutunga.

"Nihesabu mimi," akasema Gharib, akaichukua chaki. Akaandika *kitu*, akakikata vipande vinane. Nusu ni vinne. Robo ni viwili. Thumni ni kimoja. Jumla saba. Kimebaki kipande kimoja, nacho ndicho ile miaka mitatu. Vipande vinane vya miaka mitatu mitatu. Akaandika ishirini na nne, akaipigia mstari chini yake.

Yeslam alihesabu tena kwa vidole, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini chaki mara mbili katika wiki moja. "Jumatatu alikuwa hajazaliwa," akasema. "Leo ana miaka ishirini na minne. Sijapata kuona kijana aliyekua haraka hivi." Watu wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha aina nyingine. "Lakini ubeti huu si wako, Gharib. Wako nimeshausoma mwingi, haujapata kuwa mnyoofu. Nani kakutungia?"

Hapa palikuwa pabaya. Kusema *ni wangu* kulikuwa rahisi, na nusu ya mistari ilikuwa yake kweli. Kusema ukweli wote kulimaanisha kumtaja binti ambaye hakutakiwa kuandikiana na mwanamume. Upana wa kidole kule juu ukapungua ukawa uzi.

"Umetengenezwa na mtu anayeijua hesabu kuliko mimi," akasema Gharib, "na anayejua ushairi kuliko mimi pia."

Watu wakageuka. Walimtazama Mutunga. Mutunga naye akageuka nyuma kuona wanamtazama nani, akakuta ukuta.

"Mashaallah," akasema yule mwenye kofia. "Mkamba!"

Mutunga alifungua kinywa. Mara akauona uso wa Gharib, akafikiri, akakifunga. Yeslam naye alikuwa akiutazama mwandiko wa kile kikaratasi mkononi mwa Gharib, mwandiko mdogo, wa wino mweusi, kama ule uliojaa kwenye vitambulisho vya magunia yake yote ya kahawa. Kisha akaita kahawa kwa wote.

"Jumamosi sitapokea mtu," akasema. "Nitakuwa na shughuli ya harusi."

Waliozwa mwezi wa Mfunguo Mosi, Ramadhani ilipokwisha. Tangu hapo Mutunga hakupata raha: kila mwenye harusi toka Kibokoni mpaka Majengo alimwendea stesheni kumwomba ubeti, na kila alipokana walimsifu kwa unyenyekevu. Mwishowe alianza kuandika, kwa kina cha ni, naye si mbaya sana.

Ama Gharib, wiki ya kwanza ya ndoa alitunga ubeti wa kumsifu mkewe, wa kina kigumu kisichopata kutumiwa na mtu pwani yote. Alimghania akiwa amefumba macho. Alipofumbua, Nabiha alikuwa amekunja vidole vitatu vya mkono wa kushoto na bado anahesabu.

"Mstari wa pili," akasema.

"Mizani tisa?"

"Mizani iko sawa. Umesema uzuri wangu umeuzidi mwezi mara mia. Mara mia ya kiasi gani?"

Gharib alichukua karatasi, akaenda zake barazani, akaanza upya.